Asumini ya chunguni: tazama udongo kabla ya mbolea

Ndugu, umeeleza kwamba asumini zako nne zilizo katika vyungu vya roshani zinageuka manjano na ncha za majani zinaungua, ingawa unazitia mbolea kila wiki na kuzinywesha maji ya kisima. Kwa maoni yangu, mbolea hiyo ndiyo inayozidisha maradhi.

Nami nilianza hivyo hivyo. Nilijaza vyungu udongo mwekundu wa shamba, nikatandaza kokoto chini nikiamini kwamba maji yatatoka upesi. Shambani udongo ule hufaa, kwa kuwa minyoo huufumua na maji yana kina cha kuzamia. Chunguni ulishindiliwa kila nilipomwagilia, hata ukawa kama tofali. Kokoto nazo hazikufaa kitu, kwani maji hayashuki kutoka udongo laini kwenda kwenye mawe mpaka udongo ulio juu yake ulowe chepechepe. Kumbe nilikuwa nimeisogeza tope karibu na mizizi.

Siku hizi nachanganya mboji iliyoiva sehemu 2, usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, sehemu 2 na mchanga mnene wa mtoni sehemu 1. Mchanga wa ufuoni usiuguse hata ukiuosha, kwa sababu vipande vya makombe na matumbawe ni chokaa, nayo chokaa huuzuia mmea kupata madini ya chuma, majani yakawa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Usumba ndio wenye kazi. Makumbi hapa Mombasa hayana thamani, wauza madafu watakushukuru ukiwaondolea, lakini yana chumvi yake ya asili, na yaliyofukiwa kwenye maji ya bahari yana zaidi. Mimi huchambua nyuzi, nikaziloweka katika maji baridi na kuyabadilisha mara tatu, siku moja moja. Mara ya kwanza niliona uvivu kufanya hivyo, nikaunguza miche yote ya mrehani.

Kuhusu chakula, huyeyusha kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya NPK 17:17:17 (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa) katika lita 5 za maji, nikayaacha usiku kucha na kuyachuja, kisha nikanywesha kila baada ya wiki mbili, daima juu ya udongo uliokwisha kulowa. Ukiona utando mweupe kwenye ukingo wa chungu, hiyo ni chumvi ya kisima na ya mbolea iliyojikusanya. Mwaga maji mengi yasiyo na chumvi mpaka yatiririke chini. Wakati wa masika mimi huviacha vyungu nje, mvua ikanifanyia kazi hiyo bure.

Hizo zako nne usizitie mbolea mwezi mzima. Zihamishe jioni, ukung'ute udongo wa zamani taratibu, na mzizi wowote wa kahawia unaonuka uukate kabla ya kupanda upya.