Kabla hujaitafuta maada giza, ijue kwanza miale ya kosmiki

Nilipokuwa nasomea uzamili, nilikaa siku tatu nikiamini nimeiona maada giza, yaani maada isiyotoa mwanga, ambayo tunaijua kwa mvuto wake tu. Nilipakua data za Fermi, darubini ya angani inayopima gama (mwanga wenye nishati kubwa kabisa), ambazo mtu yeyote huzipata bure, nikaondoa mwanga wa gama wenye chanzo kinachojulikana karibu na kitovu cha galaksi yetu. Kilichobaki kilifanana kabisa na nadharia ya maada giza. Msimamizi wangu akauliza swali moja: "Miale ya kosmiki umeikadiria kwa modeli ngapi?" Moja tu. (Miale hiyo ni chembe zenye kasi kubwa, kama protoni na elektroni, zinazozagaa kwenye galaksi.) Nilipobadilisha modeli, sehemu kubwa ya ziada yangu iliyeyuka.

Ndugu yangu unayeanza, hapo ndipo penye kazi. Protoni za miale ya kosmiki hugonga gesi iliyotanda kati ya nyota, zikazaa chembe ziitwazo payoni, na zile zisizo na chaji huvunjika papo hapo kuwa gama. Elektroni nazo huusukuma mwanga wa nyota hadi nao ukawa gama. Chembe za maada giza, kama kweli huangamizana na kutoa gama, zingeongeza kiasi kidogo sana juu ya hayo yote. Ukikosea kidogo ramani ya gesi, umejitengenezea ugunduzi.

Pozitroni, yaani elektroni zenye chaji chanya, zinasumbua zaidi. Mwaka 2008 wanasayansi wa PAMELA, kifaa cha kupima chembe kilichokuwa kwenye setilaiti, walitangaza kwamba sehemu ya pozitroni ikilinganishwa na elektroni inaongezeka kadiri nishati inavyopanda, ilhali ilitarajiwa ipungue. AMS-02, kifaa kingine cha kupima chembe kilichoko kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa, kikathibitisha mwaka 2013. Wengi tulifurahi, kwa kuwa maada giza ikiangamizana ingeweza kuzaa pozitroni. Lakini pozitroni ina chaji, na nguvu za sumaku za galaksi huipinda njia nzima, kwa hiyo ikifika haikuonyeshi ilikotoka. Huenda imetoka kwenye pulsa (mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi) kama Geminga, ambayo iligunduliwa na setilaiti ya SAS-2, iliyorushwa mwaka 1972 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. (Kila nikipita pwani ile nalikumbuka hilo.) Mwaka 2017 kituo cha kupima gama cha HAWC, Mexico, kilionyesha kwamba chembe zinazoizunguka Geminga husambaa polepole mno, kiasi cha kutilia shaka kama pozitroni zake zinatufikia, na ubishi ukaanza upya.

Kwa hiyo jaribu modeli kadhaa za miale kabla hujamwonyesha mtu grafu yako. Na usianzie kitovuni kama mimi. Anza na galaksi vibete, yaani galaksi ndogo sana zinazoizunguka yetu, kama Draco na Segue 1: zina maada giza tele, gesi karibu hakuna, na miale ya kosmiki haina cha kugonga huko.