Milioni tano zangu zimezaa kiasi gani?

SWALI: Shikamoo mshauri. Novemba 2022 niliweka milioni 2 kwenye vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Novemba 2024, malipo ya mnada wa korosho yalipoingia, nikaongeza milioni 3. Novemba 2025 salio likasoma 5,962,000. Kijana mmoja hapa Newala amenipigia hesabu: faida asilimia 19, gawa kwa miaka mitatu, ni 6 tu kwa mwaka. Anasema nizitoe zote nimpe yeye, atanilipa asilimia 10 kila mwezi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, dada. Usitoe hata shilingi. Kila msimu wa korosho naletewa hesabu hiyo hiyo, na anayeipiga huwa tayari ana mahali pa kuzipeleka pesa za mwenzake. Ni kangomba ya pesa, kama ule ununuzi wa korosho wa kinyemela kwa vipimo visivyo rasmi: anapima mali yako kwa kipimo chake, kisha anajipangia bei.

Ameihesabu milioni 5 yote kana kwamba imekaa miaka mitatu. Haikukaa! Milioni 3 zina mwaka mmoja. Ukiwa na mikorosho 20 iliyokomaa na miche 30 ya mwaka jana, utagawa mavuno kwa 50 useme shamba halizai?

Shika kalamu. Milioni 2 kwa miaka mitatu ni sawa na milioni 6 kwa mwaka mmoja. Ongeza zile 3, zinakuwa 9. Gawa faida yako ya 962,000 kwa milioni 9: asilimia 10.7. Hapo bado hatujahesabu kwamba faida nayo ilizaa. Ukiihesabu, jibu kamili ni asilimia 10 kwa mwaka. Hakiki mwenyewe: milioni 2 zikipanda asilimia 10 mara tatu zinafika 2,662,000, milioni 3 zikipanda mara moja, 3,300,000. Jumlisha, utaliona salio lako shilingi kwa shilingi. Mfumuko wa bei miaka hii umekuwa kama asilimia 3 hadi 4, kwa hiyo umesonga mbele kweli.

Kuna na wanaojumlisha asilimia za kila mwaka wakatoa wastani. Laki moja ikishuka asilimia 50 inabaki elfu 50. Ikipanda asilimia 50 inakuwa elfu 75. Wastani ni sifuri, na elfu 25 hazipo. Wenye kutangaza “wastani wa faida” wanalijua hilo, na wanawanyamazia watu.

Sasa pima ahadi ya kijana wako. Asilimia 10 kwa mwezi, faida ikiachwa ndani, inaifanya milioni 1 kuwa milioni 3.1 kwa mwaka, na zaidi ya milioni 300 kwa miaka mitano. Ni ufuta gani wa Lindi, ni korosho gani ya Tandahimba inayozaa hivyo? Ahadi za namna hii hulipwa kwa pesa za walioingia nyuma yako, ndiyo maana miezi ya kwanza hulipwa bila kuchelewa. Mwombe leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Akikuonyesha karatasi, wapigie Mamlaka wewe mwenyewe, uwaulize kama wanamtambua.