Upanga wenye machale: usiupe kujua kila kitu

Vijana wengi wa Moshi na Arusha wanaoandika fantasia hunipa miswada yao niisome, na ni nadra kukosa upanga ndani yake. Mara nyingi upanga wenyewe una machale: adui akikaribia unawaka, au unatetemeka kwenye ala, au unamwita mwenyewe kwa jina. Naupenda upanga wa namna hiyo. Nimeuandika kwenye hadithi zangu na sijauchoka. Lakini najua pia jinsi unavyoweza kuimaliza hadithi. Mhusika akishakuwa na silaha inayojua hatari zote, hakuna tena wa kumvizia. Msomaji naye akishazoea kwamba upanga utalia kabla ya jambo lolote, hana sababu ya kukaa roho mkononi.

Ushauri wangu, na nitaung'ang'ania hadi mwisho, ni huu: upanga usijue hatari. Ujue kitu kimoja tu, kinachoshikika, halafu mhusika ndiye apime kama kitu hicho ni hatari au siyo.

Mfano tunao hapa hapa nchini. Morogoro, shirika la APOPO linafunza panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akapelekwa Kambodia, na kufikia anastaafu mwaka 2021 alikuwa amebaini zaidi ya mabomu 100, ya kutegwa na mengine yaliyobaki vitani bila kulipuka. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza. Sasa jiulize Magawa alijua nini. Vita hakuvijua, wala hakujua kwamba kuna mtoto angepita pale kesho na kupoteza mguu. Alijua harufu ya TNT, kilipuzi kilichomo ndani ya mabomu. Akiipata anakwaruza ardhi, anapewa kitu cha kula. Msumari, kopo kuukuu, kipande cha bati, vyote anavipita kama havipo, na ndiyo maana panya hawa humaliza eneo haraka kuliko kifaa cha kutafuta chuma. Kutojua kwake mambo mengine yote ndiko kunakomfanya aaminike.

Sasa chukua upanga unaohisi "nia mbaya", kama ninavyousoma kwenye miswada mingi, uupitishe Soko la Kiboriloni watu wakiwa wamejaa. Kuna anayempunja mteja kwenye viatu vya mtumba. Kuna kibaka anayepigia hesabu mkoba wa mama wa watu. Kuna dada aliyeamka na hasira za wifi yake, na bodaboda anayemlaani aliyemchomekea barabarani. Upanga utaanza kulia mhusika hajafika hata kwenye nyanya, na hautanyamaza mpaka atoke. Baada ya siku mbili atauzungushia khanga na kuuweka uvunguni.

Badala yake, chagua kitu. Damu iliyokauka. Chuma kilichonolewa leo. Sumu. Mimi ninachokipenda kuliko vyote ni hofu: upanga unaonusa jasho la mtu mwenye hofu, basi. Fikiria mhusika wako anaingia usiku kwenye nyumba ambayo watu wake wameuawa. Upanga unalia, unazidi kulia kadiri anavyosogelea chumba cha nyuma. Anauchomoa, anapiga mlango teke, na chini ya kitanda yupo mtoto wa miaka sita amejikunyata. Wakati huohuo muuaji amesimama nyuma ya pazia la sebuleni. Huyo ameshaua watu wengi, haogopi tena chochote, na upanga umempita kimya. Hapo upanga haujakosea hata kidogo. Umefanya kazi yake sawasawa, na bado mhusika yuko taabani. Hali kama hiyo huipati kwa upanga unaojua kila kitu.

Ukishachagua kitu ambacho upanga unakihisi, amua jinsi upanga unavyokisema. Hapa nakuomba sana uende kwa mhunzi, usitegemee sinema. Mamba, jirani na Marangu, wapo wahunzi wa Kichagga ambao hadi leo wanafua visu, mikuki na kengele za ng'ombe. Nilikwenda kukaa na mmoja wao, mzee wa makamo ya babu yangu. Kijana alikuwa akisukuma mivukuto ya ngozi, moja juu moja chini, na kwenye makaa kulikuwa na kipande cha springi ya gari. Mzee hakuwa na kipimajoto. Alikuwa akitazama rangi ya chuma tu, na rangi ilipomridhisha alikitoa na kuanza kukipiga.

Rangi ile ina maana kubwa kwa mwandishi. Chuma huanza kuonekana chekundu gizani kikifika nyuzijoto 500 na kitu. Ngozi ya binadamu huanza kuumia kwenye 45 hivi. Kwa hiyo upanga unaowaka kwa moto wa kweli utamuunguza mwenyewe kabla ya adui, tena makali yatalainika, kwa sababu upanga uliokwisha kukazwa ukirudishwa kwenye joto kali namna hiyo hupoteza ugumu wake. Ukitaka nuru, iwe ile baridi ya kimulimuli. Na hata hiyo, kumbuka kwamba upanga unaowaka usiku unamwonyesha adui ulipo.

Wengine hukimbilia joto kidogo tu, upanga unapata uvuguvugu kiunoni. Piga hesabu: mwili una nyuzijoto 37, maumivu yanaanza 45, kwa hiyo ishara yako ina nyuzi nane tu za kuchezea. Tembea Moshi mjini saa saba mchana mwezi wa pili ukiwa na sime kiunoni, uone kama utatofautisha hatari na jua. Ukigeuza, ukasema upanga unapoa, mpandishe mhusika Kibo, mita 5,895, usiku, na kila chuma alichonacho kitakuwa kinamwambia anakufa. Kabla ya kuamua ishara, angalia hali ya hewa ya nchi uliyoibuni.

Siku ile nilimuuliza mzee, "Mzee wangu, unajuaje kama kisu kina kasoro na hakionekani kwa macho?"

"Nakigonga, mwanangu. Nakisikiliza."

Akachukua visu viwili vilivyofanana. Cha kwanza alikigonga kwa nyundo ndogo kikalia kirefu, sauti ikawa inatembea hewani hata alipokwisha kuinua nyundo. Cha pili kikatoa kishindo kifupi, ko, kikanyamaza. Akanionyesha karibu na shina la mpini ufa mwembamba ambao ningeapa haupo. "Hiki kimekufa," akasema, akakitupa kwenye chakavu.

Tangu hapo, upanga wangu wenye machale ni ule unaovuma wakati wote, sauti ya chini sana ambayo mwenyewe ameizoea hata haisikii, na kitu unachokihisi kikifika, unanyamaza. Wanaolala porini wanajua habari hii: nyenje na vyura wakikata sauti ghafla, mtu anaamka. Adui hasikii kengele yoyote, maana hakuna kengele. Na mhusika aliyelewa, au aliyeko kwenye ngoma, au anayegombana na mkewe, hataona kwamba ukimya umeingia. Nakupa bure, uitumie.

Kuna jambo la upande na umbali, ambalo miswada mingi hailigusi kabisa. Yule ndege mwenye mdomo mwekundu anayekula kupe mgongoni mwa mnyama, Kiswahili kimemwita askari wa kifaru tangu zamani, na mwaka 2020 ulitoka utafiti wa Afrika Kusini ulioonyesha kwamba jina hilo analistahili. Kifaru mweusi asiye na ndege alimgundua mtu anayemsogelea akiwa wastani wa mita 27. Mwenye ndege, mita 61. Lakini ndege yule anapiga kelele tu, hasemi adui yuko wapi. Kifaru akisikia anageukia kule upepo unakoelekea, upande ambao pua yake haipati habari. Ndege analeta taharuki, kifaru anaongeza akili yake. Mpe mhusika wako nafasi hiyohiyo. Upanga useme "kuna kitu", naye ajifunze kwa miaka, kwa makovu, ni wapi pa kutazama kwanza. Wawili wakirithishana upanga mmoja, kijana na babu yake, hawatafaidika sawa. Na weka umbali, usiuache hewani: mtu akikimbia anamaliza mita 60 kwa sekunde kumi hivi, na katika sekunde kumi mhusika hana muda wa hotuba.

Asili ya upanga nayo ieleze hisi yake. Kule Mbozi, mkoani Songwe, kuna kimondo kinachokadiriwa kuwa na tani 16, karibu chote chuma na kidogo nikeli, na jambia moja la mfalme Tutankhamun wa Misri lilithibitishwa mwaka 2016 kuwa la chuma cha kimondo. Chuma kilichotangatanga mahali pasipo na pumzi hata moja, mimi ningekiacha kihisi pumzi tu: chochote kilicho hai. Mzuka utapita mbele yake bila kipingamizi. Na sime iliyofuliwa kwa springi ya basi lililopinduka itakuwa na machale ya safari mbaya, mwizi wa kuku haitakuwa na habari naye.

Mwiko usiusahau, kwa sababu msomaji wetu anajua kwamba zindiko lolote lina mwiko wake, na asipouona hatauamini upanga. Mwiko mzuri ni ule unaomgombanisha mhusika na watu wake. Upanga usioazimwa, kwa mfano, halafu mdogo wake aje kuuomba usiku wa vita.

Nimalizie na swali ninalowauliza wote wanaoniletea miswada. Fumo Liongo, shujaa wa pwani, hakuna silaha iliyomweza isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na kwa simulizi iliyoenea aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe, baba akiwa amelala. Mwekee Liongo upanga wako kando ya kitanda. Utalia lini? Kijana alipoahidiwa zawadi na maadui? Alipofika akapokewa na kukumbatiwa? Au sindano ikiwa tayari mkononi? Kama unahisi shaba, utalia kwa kila bangili na kila sufuria iliyomo ndani. Kama unahisi uadui, lazima useme kama mtoto anayempenda baba yake na bado amekubali kumuua ni adui. Kama unahisi hofu, utakuwa unalia tangu kijana alipovuka kizingiti, na Liongo atadhani mwanawe ametishwa na safari, atamsogezea chakula, atamwambia alale karibu naye. Ukurasa wa namna hiyo uandike kwanza, kabla ya kuchora ramani na kutafuta majina ya falme, kisha uniletee tuusome pamoja.