Makumbusho ya sanaa katika miji midogo ya Italia, na Lisbon nchini Ureno, kwa msafiri aliye peke yake

Mleta mada ameuliza kama inafaa mtu anayesafiri peke yake, tena hajasomea sanaa, atumie likizo yake katika makumbusho ya miji midogo ya kusini mwa Ulaya, au ni heri ajiunge na kundi la watalii akapelekwe Roma na Florence kama wengine. Nimezunguka sehemu hizo peke yangu, na jibu langu ni kwamba inafaa sana, na kule kuwa peke yako ndiko kunakoifanya safari hiyo iwe na maana. Picha nzuri inadai muda, na muda ndicho kitu cha kwanza ambacho kundi hukunyima, kwa kuwa mwenye kuongoza anatazama saa na wenzako wanatazama mlango.

Ningeanza na Arezzo, mji wa mkoa wa Toscana ulio kwenye reli itokayo Florence kwenda Roma. Ndani ya kanisa la San Francesco, nyuma ya altare kuu, kuta zote tatu zimejaa kisa cha mti wa Msalaba, kazi ambayo mchoraji Piero della Francesca aliishika katika miaka ya 1450 baada ya mchoraji aliyemtangulia kufariki. Hizi ni fresko, yaani rangi iliyopakwa juu ya lipu ikiwa bado mbichi, hata ikikauka rangi inakuwa sehemu ya ukuta wenyewe. Kwa sababu hiyo fundi hupaka lipu ya eneo analoweza kulimaliza siku hiyo tu, na kesho yake huanza pengine. Ukisimama kwa utulivu, jicho likishazoea mwanga, utaanza kuiona mishono, yaani mipaka kati ya kazi ya siku moja na ya siku nyingine: hapa kichwa kimoja kilimgharimu siku nzima, pale anga pana ilikwisha kwa mara moja. Hakuna kitabu kilichonifundisha uchoraji kama mishono hiyo, na nisingeiona kama ningekuwa na mtu wa kuniharakisha.

Kati ya visa vya ukuta ule, kimoja msomaji wetu hahitaji kuelezwa sana. Malkia wa Sheba, ambaye Wakristo wanamsoma katika Biblia na Waislamu wanamjua kwa jina la Bilkisi, amepiga magoti mbele ya gogo lililowekwa kuwa daraja, kwa kuwa ametambua kwamba mti huo ndio utakaobeba mwili wa Mwokozi. Kisha, katika picha hiyo hiyo, anapokewa na Mfalme Suleimani. Piero amemchora akiwa mweupe, amevaa kama mabibi wa Italia wa zama zake, na wajakazi wake vivyo hivyo. Nilikaa muda mrefu nikilitafakari hilo. Sikuliona kuwa ni dharau, kwa kuwa Suleimani naye amegeuzwa kuwa bwana wa Kiitalia, lakini linafundisha jinsi kila jamii inavyowavalisha watu wa maandiko matakatifu nguo zake yenyewe, na ni vyema Mwafrika aliyesimama mbele ya picha hiyo alijue jambo hilo kabla hajaanza kujiuliza mahali pake ni wapi. Beba darubini ndogo, kwa maana sehemu za juu ziko mbali sana na macho.

Kutoka Arezzo kuna basi la kwenda Sansepolcro, mji aliozaliwa Piero, na njiani ni karibu na Monterchi, ambako picha aliyoichora ya Bikira Maria akiwa mjamzito ina jumba lake dogo. Sansepolcro kwenyewe, picha ya Ufufuko iko juu ya ukuta wa jengo ambalo zamani lilikuwa la utawala wa mji, na leo ni makumbusho. Kristo amesimama akikanyaga ukingo wa kaburi, askari wanne wamelala chini yake, na miti iliyo upande mmoja ni mikavu ilhali ya upande wa pili imechipua. Mwaka 1944 afisa wa mizinga wa jeshi la Uingereza, aliyekuwa ameshaanza kuupiga mji huo, aliamuru mizinga inyamaze kwa kuwa alikumbuka kusoma kwamba humo mna picha iliyo bora kuliko zote duniani. Wenyeji wameipa barabara moja jina lake. Ukikaa mbele ya ukuta huo asubuhi, ukumbi ukiwa na watu wachache, utaelewa kwa nini.

Mji unaofuata, Urbino, hauna kituo cha treni. Unashuka Pesaro na kupanda basi. Usikatishwe tamaa na mzunguko huo, kwa sababu ndio unaopunguza umati. Katika jumba la Federico da Montefeltro, aliyekuwa mtawala wa Urbino, kuna picha ya Kristo akipigwa mijeledi, kazi ya Piero huyo huyo, ndogo ajabu, sentimita 58 kwa 81 hivi. Anayepigwa amewekwa nyuma, na mbele wamesimama watu watatu wasiomtazama. Wataalamu wamebishana vizazi kwa vizazi kuhusu watatu hao ni akina nani, na hilo ni faraja kwa mtu asiyesomea sanaa: unaruhusiwa kuwaza. Jirani na hapo ni chumba cha kusomea cha Federico, ambacho kuta zake zimepachikwa vipande vya mbao za rangi mbalimbali hadi vinaonekana kuwa makabati yaliyofunguka, yenye vitabu na ala za muziki. Mlinzi wa chumba alipoona nimekaa peke yangu alinionyesha mahali pa kusimama ili makabati yale yajitokeze vizuri. Wafanyakazi wa makumbusho madogo wana ukarimu huo, nao humwendea aliye peke yake kwa wepesi kuliko kundi.

Padova ni habari nyingine. Kikanisa cha Scrovegni, alichokichora Giotto na kukimaliza yapata mwaka 1305, hakiingiwi bila kuweka nafasi mapema, na wageni huwekwa kwanza katika chumba chenye hewa iliyodhibitiwa ili unyevu wao usiharibu kuta, kisha hupewa kama robo saa tu ndani. Chagua ukuta mmoja, uache mingine. Uzuri ni kwamba nafasi ya mtu mmoja hupatikana hata pale ambapo familia imeambiwa pamejaa.

Mambo madogo ya kuzingatia: makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, na ya miji midogo huweza kufungwa pia saa za mchana. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ya Italia huwa bure, lakini siku hiyo ndiyo isiyofaa kwa anayetafuta utulivu. Weka sarafu mfukoni, kwa kuwa katika makanisa mengi taa za kumulika picha huwaka kwa kutumbukiza sarafu. Funika mabega. Tembea na pasipoti yako. Jioni, hasa majira ya baridi, upweke hubana kweli, na dawa niliyoiona ni kulala karibu na uwanja wa kati wa mji, ambako watu hutembea na kuzungumza hadi usiku.

Ningependa sana msomaji wa pwani yetu asiishie Italia. Katika Jumba la Taifa la Sanaa ya Kale mjini Lisbon kuna monstransi ya dhahabu, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, aliyoiagiza Mfalme Manuel I wa Ureno, na maandishi yaliyo juu yake yanasema kwamba imetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa na ikakamilika mwaka 1506. Dhahabu hiyo Vasco da Gama aliitoza kwa vitisho mwaka 1502, akiwa na merikebu zake mbele ya mji. Ufundi wake ni wa hali ya juu kabisa, mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka kioo, kila mmoja na uso wake. Niliitazama kwa hasira na kwa mshangao kwa wakati mmoja, na nilishukuru kwamba hapakuwa na mtu pembeni wa kunitaka nieleze ninachokihisi.

Kwa hiyo, kama viza yako ya Schengen, ile moja inayokubaliwa Ureno na Italia pia, ni ya wiki mbili, ningekushauri uanzie Lisbon, kisha uruke hadi Bologna, ambako treni zitakufikisha Padova, Pesaro na Arezzo bila taabu. Ombi la viza lipeleke ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, ambayo kwa mpango huu ni Italia.