Jibu: Majani ya chini yanageuka njano, nimwagilie mara ngapi?

Dada, umesema ua lako la chungu cha sebuleni unalimwagilia kikombe cha maji kila asubuhi. Tatizo ni hicho kikombe. Majani ya chini yakigeuka njano huku udongo umelowa, mizizi imekosa hewa na inaanza kuoza. Mbolea weka kando kwanza.

Achana na ratiba. Chomeka kidole sentimita 3 hivi: kukiwa na unyevu, subiri. Kukiwa kukavu, mwagilia polepole hadi maji yatoke kwenye matundu ya chini, na baada ya dakika 15 mwaga yaliyobaki kwenye kisahani.

Halafu huo udongo mweusi wa mbuga uliosema umechota kujazia chungu ni mzuri kwa mpunga, si kwa chungu cha sebuleni. Juu unapasuka ukadhani umekauka, kumbe chini ni tope. Inua chungu upime uzito kabla ya kumwagilia. Ukihamisha ua, kata mizizi myeusi iliyolainika, kisha changanya udongo mwingine, si huo wa mbuga, sehemu 2, mchanga wa chengachenga 1 na samadi iliyooza vizuri 1.

Kwa Mwanza, kiangazi cha Juni hadi Agosti chungu kidogo cha dirishani hukauka kwa siku tatu au nne. Wakati wa masika huweza kupita wiki nzima kabla hakijakauka. Mshubiri na sansevieria (ua la majani marefu magumu yaliyosimama) usizimwagilie mpaka udongo ukauke hadi chini.