Video haziwavuti tena wanafunzi wangu wa Historia, nifanyeje?

Swali: Nafundisha Historia sekondari, Mbagala. Nachanganya darasa na mtandao: natuma video kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ili wanafunzi wazitazame jioni. Mwanzoni walichangamka, siku hizi wengi hata hawazifungui. Nakosea wapi?

Jibu: Pole na kazi, Mwalimu. Mwaka 2006 watafiti Suzanne Hidi na Ann Renninger walieleza kuwa hamu ya kujifunza hukua kwa hatua: kuna inayoamshwa na kitu kipya, na kuna inayodumu kwa kuwa mwanafunzi ameliona somo lina maana kwake. Video yako iliamsha ile ya kwanza. Naamini tatizo ni kwamba inamaliza somo lote. Kesho yake darasani unarudia yale yale, kwa hiyo aliyetazama hamzidi kitu asiyetazama.

Chukua Vita vya Maji Maji. Rekodi sauti ya dakika tatu, ambayo pia hailambi bando la mzazi. Waambie Kinjekitile, mganga aliyewapa watu dawa ya maji, alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, lakini mapigano yakaendelea hadi 1907. Nani waliyaendeleza, na kwa nini? Ishia hapo. Jibu usilitoe, hata wakikuomba. Kila mmoja aje na dhana yake kwenye kipande cha karatasi. Darasani wenye dhana zinazofanana wakae pamoja, wachimbe kitabuni habari za kodi, pamba ya kulazimishwa na Wangoni wa Songea, kisha wabishane kwa ushahidi. Muda wa kipindi uende huko.

Tuma Ijumaa, si usiku wa kuamkia kipindi. Wazazi wengi wa Mbagala hurudi na simu usiku, mtoto ameshalala. Asiye na simu nyumbani anakili swali ubaoni kabla ya kwenda nyumbani. Asijione amebaki nyuma.

Mada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ina utajiri hapa hapa mjini. Mtu wa nyumbani anayepita Posta apige picha maandishi ya Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, inayowakumbuka Waafrika waliopigana vita hivyo: yapo ya Kiingereza, na ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Tuma picha hiyo kwenye kundi na swali moja: maandishi haya yaliandikwa yasomwe na nani?

Usipime mafanikio kwa idadi ya waliofungua ujumbe. Kusanya vile vipande vya karatasi kila wiki, uone kama dhana zinazidi kuwa na sababu.