Perovski hakuigundua perovskaiti

Ndugu, umeuliza kama Lev Perovski, waziri wa Urusi wa karne ya 19, ndiye aliyegundua perovskaiti, aina ya madini inayotajwa sana kwenye habari za paneli za sola. Hapana. Madini hayo yalipatikana katika milima ya Ural nchini Urusi, na mwaka 1839 Mjerumani Gustav Rose, mtaalamu wa madini, ndiye aliyeyaeleza kitaalamu na kuyapa jina la Perovski kwa heshima, kwani Perovski alikuwa mkusanyaji hodari wa mawe. Alizaliwa mwaka 1792, mtoto wa nje ya ndoa wa mkabaila Aleksey Razumovsky, na jina la ukoo wake lilitokana na Perovo, shamba la familia karibu na Moscow. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Urusi kuanzia 1841 hadi 1852, kisha akasimamia mali za familia ya Tsar hadi alipofariki mwaka 1856.

Jiwe lenyewe lina kalisi, titani na oksijeni, na kila atomu ya titani imezungukwa na atomu sita za oksijeni. Mpangilio huo ndio unaofanana na ule wa malighafi ya paneli za sola iitwayo pia perovskaiti, ambayo kwa kawaida haina kalisi wala titani; kilichorithiwa ni umbo na jina, na naona ni haki tumtaje mwenye jina.